Sequoia na Kings Canyon kwa gari: nyota nne, na ya tano ni ya wanaoshuka garini

Nianze na alama ili mwenye haraka asipate shida: nyota nne kati ya tano kwa hifadhi hizi mbili za taifa za California. Barabara naipa tano, maegesho nayapa mbili nikiwa na huruma, na miti yenyewe siwezi kuipa alama. Naandika kwa ajili ya Waswahili wenzangu walioko Marekani, na wale wanaokuja California kutembelea ndugu. Mgeni akifika Los Angeles tunampeleka Hollywood, tunampeleka ufukweni Santa Monica, tunamzungusha madukani mpaka viatu vinambana, kisha anapanda ndege kurudi nyumbani bila mtu kumwambia kwamba mwendo wa saa nne hivi kwa gari kuna miti ambayo mingine ilikuwa mikubwa tayari kabla Yesu hajazaliwa.

Garini tulikuwa mimi, mke wangu, watoto wetu wawili na shemeji, kaka yake mke wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Arusha. Namtaja kwa sababu ni dereva wa watalii, ameshusha wageni Ngorongoro miaka na miaka. Mtu wa namna hiyo ukimpeleka kwenye hifadhi ya watu wengine anakagua kila kitu: geti, vyoo, mabango, hata askari wa hifadhi anavyosalimia. Sehemu kubwa ya ukali uliomo humu ni wake.

Sequoia na Kings Canyon ni hifadhi mbili zinazopakana na kuendeshwa kama moja. Ya kwanza ilianzishwa mwaka 1890, ya pili ikapewa jina na mipaka yake mwaka 1940, na ukilipa kwenye geti moja umelipa zote. Unaweza kuingilia kusini kwa barabara ya 198 kupitia Visalia na mji mdogo wa Three Rivers, au kaskazini kwa barabara ya 180 kutoka Fresno. Ushauri wangu, na hapa sina shaka: ingia kusini, tokea kaskazini. Upande wa kusini ndio wenye mwinuko mkali, na mwinuko mkali ni bora uupande kuliko kuushuka, maana wanaoshuka huko utawajua kwa harufu ya breki. Ukilazimika kushuka, weka gia namba mbili na uache injini ishike gari.

Kuhusu kiingilio, shemeji alishangaa. Kwetu mgeni hulipa kwa kichwa, na saa 24 zikipita analipa tena. Tulipokwenda sisi, gari zima lilikuwa dola 35 kwa siku saba, uwe peke yako au mmejazana. Lakini tangu Januari 2026 mambo yamebadilika kwa asiye mkazi wa Marekani: hii ni mojawapo ya hifadhi 11 ambako mgeni wa miaka 16 na kuendelea anatozwa dola 100 juu ya kiingilio cha kawaida, asipokuwa na pasi ya mwaka ya wageni ambayo ni dola 250. Kwa hiyo kama mama anakuja kutoka Tanga mwaka huu, piga hesabu hizo kabla hujamwahidi safari.

Sasa barabara. Inaitwa Generals Highway. Kutoka geti la kusini unaanza kwenye mwinuko wa mita 500 na ushei, na baada ya kilomita 26 hivi uko karibu mita 2,000. Katikati hapo kuna kona zipatazo 130, na 12 kati yake ni zile zinazokurudisha ulikotoka mpaka unaona paa la gari lililo nyuma yako. Gari lenye urefu unaozidi futi 22, yaani mita 6.7 hivi, linashauriwa lisipite kipande hicho. Shemeji alikaa kimya kona kadhaa, akaniangalia usukani, kisha akasema, "Shemeji, hizi ni kona za Mombo kwenda Lushoto, ila hapa hakuna basi linalokuja katikati ya barabara." Nikacheka, lakini ana haki. Lami ni safi, ukuta wa mawe upo panapotakiwa, na kuna sehemu za kujitoa pembeni ili wenye haraka wapite. Zitumieni jamani. Ukiona magari matano nyuma yako, wewe ndiye foleni.

Kinachofurahisha ni jinsi nchi inavyobadilika kwenye kioo. Chini, Three Rivers, kiangazi ni joto la kukatisha tamaa, nyasi zimekauka rangi ya simba, vichaka na miti ya mwaloni. Unapanda, unafungua dirisha, hewa inapoa, inaingia harufu ya misonobari. Halafu, bila tangazo, unapita katikati ya Four Guardsmen, misekoya minne (ndiyo miti mikubwa ya hapa, sequoia kwa Kiingereza) iliyosimama kando ya barabara kama nguzo za lango, na lami inapenya kati yake. Hapo garini kelele zikakoma zenyewe. Mwanangu mdogo akauliza kama ni miti au ni majengo.

Na hapa ndipo penye jambo ninalotaka kulisema kuliko mengine yote. Safari hii inauzwa kama safari ya gari, na watu wengi wanaifanya hivyo: wanasimama, wanapiga picha, wanaondoka. Msekoya hauonekani ukiwa garini. Kioo cha gari kinakata mti kwenye goti. Ukiuona wote kwa mbali unaonekana wa kawaida, kwa sababu jirani zake nao ni wakubwa na jicho linakosa kipimo. Mpaka uzime injini, utembee, umwone mtu mzima amesimama kwenye shina, ndipo akili inakubali. Kama mna saa mbili tu, achaneni na vituo vinne vya picha, chagueni njia moja ya miguu.

Kwa General Sherman mtakwenda tu, hamtakatazika, na mwende. Huo ndio mti mkubwa kuliko yote duniani kwa ujazo wa shina, kama mita za ujazo 1,487. Si mrefu kuliko yote. Kuna miti mingine ya pwani ya California inayoupita mbali kwa urefu. Wenyewe una mita 83.8, na mzingo wake chini kwenye ardhi ni mita 31 hivi. Kilele chake kimekufa, hauendi juu tena, lakini shina bado linaongeza unene kila mwaka, na umri wake unakadiriwa kuwa miaka 2,200 hivi. Mwaka 2006 tawi lake moja lilikatika, na tawi hilo peke yake lilikuwa na kipenyo cha mita mbili. Tawi.

Shida ni watu. Kuna foleni ya kupiga picha mbele ya kibao, na maegesho ya juu yanajaa kabla ya saa nne asubuhi siku za mwisho wa wiki kiangazi. Njia kutoka maegesho hayo inashuka kwa ngazi, na kurudi ni kupanda, mkiwa mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Mwenye mzee au mgonjwa wa pumzi asimshushe huko. Kiangazi kuna mabasi ya bure ndani ya hifadhi, na mojawapo ya vituo vyake kipo chini, kando ya barabara kuu, ambako njia ya kufika kwenye mti ni fupi na hata kiti cha magurudumu kinapita.

Wakati umati unarudi kwenye magari, sisi tukaendelea na njia iitwayo Congress Trail, inayoanzia hapo hapo kwa Sherman. Imewekwa lami, haina mlima wa kutisha, na mwenye watoto atatumia kama saa moja na nusu au mbili. Hatua mia chache tu na kelele zote zimebaki nyuma. Humo ndimo ulimo mti uitwao The President, unaokadiriwa kuwa na umri wa miaka 3,200, na makundi ya miti iliyosimama bega kwa bega kiasi kwamba ukiingia katikati, mchana unakuwa jioni. Kama kuna nyota ya tano katika hifadhi hii, niliitoa pale.

Pale pale shemeji akaanza ubishi wa Kilimanjaro. Akasema kwao kuna mti wa mita zaidi ya 80. Nilidhani anajitetea tu, lakini ni kweli: mwaka 2016 watafiti walitangaza kuwa wamepima Entandrophragma excelsum, mti wa ukoo mmoja na mkangazi, kwenye bonde la Mlima Kilimanjaro, wakapata mita 81.5, mrefu kuliko mti wowote uliowahi kupimwa Afrika. Kwa urefu basi, unakaa meza moja na hawa majenerali. Unene ni habari nyingine, na alikiri.

Lakini kilichomkamata zaidi hakikuwa mti. Ni habari ya Charles Young, ambayo sisi sote hatukuijua. Alizaliwa utumwani Kentucky mwaka 1864, akawa Mweusi wa tatu kuhitimu chuo cha kijeshi cha West Point, mwaka 1889. Kiangazi cha 1903, akiwa kapteni, alitumwa Sequoia pamoja na askari wake Weusi wa kikosi cha tisa cha farasi kuisimamia hifadhi, maana wakati huo hapakuwa na idara ya hifadhi za taifa na kazi hiyo ilifanywa na jeshi. Barabara ya kufika msitu wa Giant Forest ilikuwa imekwama miaka. Yeye na watu wake wakaimaliza kiangazi hicho hicho, na kwa mara ya kwanza magari ya kukokotwa na farasi yakafika kwenye miti mikubwa. Si hii tuliyopita sisi. Ile yake siku hizi ni njia ya miguu. Wenyeji walitaka kuupa mti jina lake, akakataa, akawaambia wangoje miaka 20 waone kama bado wanataka. Mti ukapewa jina la Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi wa Wamarekani Weusi. Wake ulikuja kupewa jina mwaka 2004. Alifariki Lagos, Nigeria, mwaka 1922, akiwa kazini. Leo sehemu ya barabara ya 198 kabla ya geti ina jina lake, nasi tulikipita kibao kile kwa kasi bila kukisoma. Shemeji alisema kama angekuwa yeye anaongoza wageni pale, angeanza na habari hiyo getini, kabla ya mti wowote.

Na kwa kuwa tuko kwenye majina: kabla ya jeshi, eneo hili lilikuwa na kijiji cha wajamaa, Kaweah Colony, waliofika mwaka 1886 wakiwa na ndoto ya kuishi kwa kushirikiana na kuvuna mbao. Mti tunaouita Sherman wao waliuita Karl Marx. Tungekuwa tumepiga picha na Karl Marx.

Tunnel Log ni gogo la msekoya ulioanguka mwaka 1937 ukaziba njia, na mwaka uliofuata wakatoboa tundu la gari kupita. Upana mita tano, urefu mita mbili na nusu hivi. Unapita, watoto wanapiga kelele, mmemaliza. Tulisubiri foleni ndefu kuliko raha yenyewe. Kama watoto hawapo, ruka.

Moro Rock usiruke. Ni jabali tupu lenye ngazi zaidi ya 350 zilizochongwa na kujengewa mwaka 1931, na vyuma vya kushika pembeni. Mke wangu, anayeogopa kimo, alifika nusu akakaa, na hata pale nusu aliona vya kutosha: bonde lote tulilotoka, barabara ikizunguka chini, na upande wa mashariki safu ya milima yenye theluji kiangazi. Mlima Whitney, mita 4,421, upo nyuma ya safu hiyo na hauonekani. Tena hakuna barabara inayokatiza milima kwenda upande wake kutoka huku. Ukisikia radi, hata ya mbali, usipande, umeme hupiga jabali lile. Na msitegemee mandhari ya kwenye kalenda. Bonde la San Joaquin chini yake lina hewa chafu, na kiangazi ukungu wa moshi unapanda mpaka huku. Asubuhi mapema ni afadhali.

Shemeji alikuja akitaka wanyama, akakuta msitu umenyamaza. "Hifadhi gani hii, hata nyani hakuna?" Tukapewa dubu mmoja, mweusi kwa jina ila rangi yake kahawia, akila nyasi kwenye uwanda wa Crescent Meadow wala hana habari na sisi. Dubu ndio sababu ya sheria kali ya chakula. Hapa hawatanii: chochote chenye harufu kinatolewa garini na kufungiwa kwenye makabati ya chuma yaliyowekwa maegeshoni na kambini, pamoja na dawa ya meno, sabuni, hata kiti cha mtoto chenye makombo. Tulikuwa na sufuria la pilau. Fikirieni wenyewe harufu ya pilau la bizari lililolala kwenye buti. Dubu anafungua mlango wa gari kama wewe unavyofungua kopo.

Kutoka Lodgepole, kituo cha wageni ndani ya hifadhi, kwenda kaskazini ndipo safari inapobadilika uso. Kwa kilomita nyingi unapita msitu uliokufa umesimama, vigogo vyeusi mpaka juu. Ni moto wa KNP Complex, uliowashwa na radi Septemba 2021. Ndio ule ambao General Sherman alifungwa karatasi ya alumini kwenye shina, picha ikazunguka dunia. Sherman akapona. Wengine hawakupona: moto wa 2020 na ile ya 2021 kwa pamoja inakadiriwa kuua kati ya asilimia 13 na 19 ya misekoya mikubwa yote, na misekoya kwa asili huota miteremko ya magharibi ya Sierra Nevada tu, hakuna kwingine.

Na hapa wageni wengi huchanganyikiwa, kwa sababu vibao vyenyewe vinasema msekoya unahitaji moto. Vyote viwili ni kweli. Gome lake linafika unene wa sentimita 60 na halishiki moto kirahisi. Koni zake hufunguka kwa joto la moto, na mbegu, ndogo ajabu, huota vizuri kwenye udongo ulio wazi. Moto mdogo wa mara kwa mara ndio mkunga wake. Ila kwa takribani karne nzima kila moto ulizimwa, kuni zikarundikana chini, ukame ukaja, na moto ulipofika ukapanda mpaka kwenye matawi, ambako gome halisaidii. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 hifadhi huwasha moto wa makusudi kupunguza kuni hizo, na kazi hiyo ni sehemu ya sababu Giant Forest bado ipo. Mkikuta moshi na kibao cha moto uliopangwa, msilalamike kwamba mmeharibiwa likizo. Mkifika kituo cha kutazamia Redwood Mountain, simameni hata dakika tano. Ndilo shamba kubwa kuliko yote la misekoya, na utaona mwenyewe lilivyoliwa.

Grant Grove, msitu wa misekoya upande wa kaskazini, tulikwenda haraka. General Grant ni mti wa mita 81.7, tangu 1926 unaitwa Mti wa Krismasi wa Taifa, na njia yake ni nusu saa. Kilichonigusa zaidi ni Big Stump, kando ya geti la kaskazini, ambako wakataji walikuwa wameshaingia kabla ya hifadhi. Kuna kisiki cha Mark Twain, mti uliokatwa mwaka 1891 ili kipande chake kikaonyeshwe New York na kingine London, watu waamini kwamba kitu kama hicho kipo. Mbao za msekoya mkubwa ni dhaifu, mti ukianguka unapasuka vipande, ndiyo maana mingi iliishia kuwa nguzo za uzio na vigae vya paa.

Barabara ya 180 inayoshuka mpaka Cedar Grove ndani ya Kings Canyon haina misekoya, lakini kwa dereva ndiyo tamu kuliko zote: ukuta wa mwamba kulia, mto unaunguruma kushoto, na lami inakwisha mahali panapoitwa kwa haki Road's End. Huko magari ni machache. Hufungwa majira ya baridi, na kwa kawaida hufunguliwa kuelekea mwisho wa Aprili.

Ya matumizi, bila mpangilio. Hakuna sheli ndani ya hifadhi. Jaza tangi Three Rivers au Fresno. Simu haishiki sehemu kubwa, kwa hiyo pakua ramani ukiwa bado Visalia. Chakula beba chako: mkahawa mmoja njiani ulituuzia mkate mkavu wenye nyama baridi kwa bei ya kuku mzima, nao tulikula kwa sababu ya njaa tu. Nyumba tuliyolala bondeni kiyoyozi kilikuwa kinapiga kelele na hakipoozi. Ukiwa na uwezo lala juu, ndani ya hifadhi, ila weka nafasi miezi kadhaa kabla. Novemba mpaka Aprili uwe na minyororo ya matairi hata kama jua linawaka chini. Na mtoto anayetapika garini, mpe kiti cha mbele kama umri unaruhusu, au tangawizi, kabla ya kona ya kwanza.

Mineral King hatukuingia. Ni bonde la kusini la hifadhi, zuri kwa maelezo ya kila aliyefika, lakini njia yake ni maili 25 zenye kona 698, na juu huko kuna marmoti, wanyama jamii ya kindi wenye mwili wa paka mnene, ambao hutafuna mipira na nyaya za injini. Wenye magari hufunika gari zima chini mpaka juu kwa turubai. Nilimwuliza shemeji kama twende. Akatazama gari letu la kukodi, akasema, "Nenda wewe. Mimi nikirudi Arusha nitakuwa nimesahau, ila wewe utamweleza nini mwenye gari, kwamba limeliwa?"